Jina Nililoongeza Kwenye Daftari

Ijumaa iliyopita asubuhi mwili wa Mama Akinyi uliondoka mtaa wa Umoja kwenda kuzikwa Siaya, na mimi nikabaki na maneno niliyopaswa kumwambia akiwa hai. Sikukosa nafasi. Hata baada ya sisi kuhamia mtaa wa Tena nilikuwa nikienda kumsuka kila mwisho wa mwezi. Alikaa chini kwenye mkeka, kichwa chake katikati ya magoti yangu, tukazungumza juu ya kila kitu isipokuwa hicho. Nilianza sentensi moyoni nikiwa kwenye sikio la kushoto, na nilipomaliza sikio la kulia bado ilikuwa moyoni.

Tangu Ijumaa hiyo vidole vyangu vinanuka thina. Nimeosha kwa sabuni ya mche, nimesugua kwa ndimu, harufu haitoki. Kwa watu wengine thina ni ile ya kulainisha rangi, basi. Kwangu mimi ni baba yangu akiingia mlangoni jioni, kofia ya gazeti kichwani, kucha zake zikiwa na rangi ya maziwa na kijani, zile rangi mbili ambazo shule na zahanati nyingi za nchi hii zimepakwa. Nikiwa mdogo niliichukia harufu hiyo. Nilitaka baba anayenuka kitu kingine.

Kama ulikulia Umoja miaka yetu, unaijua ploti ninayoisema: lango la mabati, ujia mrefu wa simiti, milango ikitazamana huku na huku, mfereji mmoja wa maji ya bomba katikati na kamba za nguo juu yake. Sisi tulikaa mlango wa saba. Akinyi na mama yake walikaa mlango wa nne. Akinyi alikuwa rafiki yangu. Naandika hivyo mapema kwa sababu yanayofuata yanaweza kukufanya ufikiri sikumpenda. Nilimpenda, na nilimwonea wivu, na vitu hivyo viwili vilikaa pamoja bila kugombana.

Baba yake alikuwa koplo jeshini. Kabla ya vita alikuwa mtu kama watu wengine. Alikuja likizo, akafua fulana zake mwenyewe pale mfereji, akatutania kwamba tunaruka kamba kama mbuzi wenye matope miguuni. Kisha jeshi likavuka mpaka kuingia Somalia, yeye akiwa ndani yake, na kwa kutokuwapo akawa mkubwa kuliko alipokuwapo. Picha yake ya sare ilihamishwa kutoka chumbani ikawekwa juu ya televisheni. Akinyi alikuwa na tochi aliyoachiwa, yenye taa nyekundu. Alikuwa na biskuti za jeshi, ngumu kama kigae, ambazo alizivunja kwa mawe na kutugawia vipande, na mimi nilikila changu polepole kwa sababu kilikuwa kitamu na kwa sababu hakikuwa cha baba yangu.

Shuleni ilikuwa mbaya zaidi. Kila Ijumaa kwenye gwaride mwalimu mkuu aliwaita mbele watoto ambao wazazi wao walikuwa vitani. Walikuwa wawili katika shule nzima, Akinyi na mvulana mmoja wa darasa la saba. Walisimama wakitutazama, wakaombewa, kisha tukaambiwa tuwapigie makofi. Mimi nilipiga kwa viganja vilivyolegea ili visitoe sauti. Aliporudi kwenye mstari Akinyi aliniuliza kama nilimwona jinsi alivyosimama wima. Nilimwambia soksi yake moja ilikuwa imeshuka. Haikuwa imeshuka.

Mambo ya vita yenyewe tuliyasikia dukani kwa Abdi, pale kona ya ploti. Abdi alikuwa Msomali aliyezaliwa Pumwani, na alikuwa ametuuzia unga tangu kabla sijazaliwa. Redio yake ilikuwa na sauti kubwa kuliko zote, kwa hivyo wanaume walisimama hapo jioni kusikiliza habari, na kila mmoja alikuwa jenerali. Baba Kevo, fundi wa viatu aliyekaa barazani pa duka hilo, alisema dawa ya wale watu ni kuwafuata huko huko kwao na kuwamaliza. Mwingine alisema sawa, lakini mbona hakuna mtoto wa mkubwa hata mmoja aliyepelekwa. Mwingine akasema askari analipwa kwa kazi hiyo, kama hutaki kunyeshewa usijenge nje. Wakichoka kubishana walimgeukia Abdi.

"Abdi, wewe unasemaje? Twende ama turudi?"

"Mimi nauza sukari," Abdi alijibu, na kumwagia mtu sukari kwenye karatasi.

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, ingawa sikujua kilichochekesha. Nilichojua ni kwamba wakubwa wote walijadili kazi ya baba yake Akinyi kila siku, kama ni ya haki au si ya haki, na hakuna hata siku moja mtu alisimama pale akajadili kazi ya baba yangu.

Halafu baba akapata kibarua cha mbali. Mkandarasi alikuwa anakarabati zahanati kadhaa huko mbele ya Garissa, na baba alikwenda kuzipaka rangi. Alituambia simu hazishiki huko, kwamba tusimtarajie kabla ya miezi miwili. Aliondoka na begi la brashi na blanketi moja. Nilimsindikiza mpaka langoni, na njiani nilimwuliza kama Garissa ni njia ile ile ya vitani. Alifikiri kidogo akasema ndiyo, mabasi hupita huko. Maneno hayo niliyashika yote. Yale mengine, ya zahanati na rangi, niliyaacha yaanguke.

Kila Alhamisi mchana akina mama wa kanisa walikutana nyumbani kwa Mama Akinyi kuwaombea walio vitani. Mama yangu hakuwa katika kikundi hicho, maana saa hizo alikuwa akisuka wateja mlangoni kwetu. Aliyeongoza alikuwa mke wa mchungaji, tuliyemwita Mama Mchungaji, mwanamke mwenye moyo mwema na macho mabovu. Alikuwa na daftari la majina, ya waume na wana na wapwa, na kando ya kila jina mahali mtu huyo alikosikika mara ya mwisho. Daftari lilikuwa limelowa chai. Siku moja alinikuta na Akinyi tukifanya kazi ya shule, akautazama mwandiko wangu kwa karibu kabisa, pua ikigusa karatasi, akasema mtoto huyu anaandika kama mashine. Akanipa daftari jipya ninakili majina yote.

Niliandika kwa uangalifu. Nilikuwa mtoto wa mpaka rangi ambaye pia huandika mabango, na baba alikuwa amenifundisha kusimamisha herufi. Nilipofika mwisho, ukurasa ulikuwa na mistari iliyobaki. Chini ya jina la mwisho niliandika jina la baba yangu, Joseph Musyoka. Kando yake ilibidi niweke mahali, kwa hivyo niliandika jina la mji mmoja wa ng'ambo uliotajwa sana redioni wiki hiyo. Nilikuwa nimependa jinsi ulivyosikika. Kisha nikafunga daftari na kulirudisha, na Mama Mchungaji akanipa mandazi mawili.

Wiki iliyofuata nilisikiliza nikiwa nje, sikio ukutani. Jina la baba lilisomwa. Nikamsikia mmoja akisema mbona huyu ni fundi wa rangi, na Mama Mchungaji akamjibu kwamba jeshi huchukua hata mafundi, nani unafikiri hupaka yale magari yao. Mama Akinyi akawaonya. Wake wa askari huambiwa wasitaje hadharani waume zao waliko, alisema, kwa hivyo mtu yeyote asimwulize Mama Mueni lolote. Wamwombee tu na wamwonee huruma. Mueni ndiye mimi.

Basi wakamwonea huruma. Kwenye mfereji walimwachia mama yangu zamu. Mmoja alimletea sukuma wiki kutoka shambani kwao. Mama alishangaa, akaniambia huenda watu wa ploti hii wameokoka kweli safari hii. Nami nilitembea nikiwa nimeinua kidevu. Kwa wiki kadhaa wivu wangu ulilala. Nilikuwa na baba vitani, na waliojua ni watu wachache, na Akinyi hakuwa mmoja wao kwa sababu mama yake alijua kunyamaza.

Katika wiki hizo duka la Abdi lilifungwa siku tatu. Hatukuwa tumewahi kuona jambo hilo. Ilibidi tutembee mpaka Tena kutafuta unga, na wanaume walisimama nje ya mlango uliofungwa wakilalamika kwamba hawana redio. Baba Kevo alisema labda Abdi amekwenda kujiunga na wenzake, watu wakacheka. Alipofungua tena alikuwa na ndevu ambazo hazijachongwa. Watu walimwuliza kama unga umefika. Hakuna aliyemwuliza kitu kingine.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya shule, lakini mimi na Akinyi tulikuwa nyumbani kwa sababu tulikuwa na tetekuwanga, tumepakwa dawa ya rangi ya waridi mwili mzima. Redio ya Abdi ilisema kambi imevamiwa alfajiri. Ikataja mji. Ulikuwa ule mji niliouandika.

Mama yangu alikuwa mlangoni, vidole vyake ndani ya nywele za mteja, aliponiuliza mbona akina mama wa kanisa wanakuja wote pamoja na leso mabegani. Waliingia bila kubisha. Kila mmoja alikuwa na pakiti ya sukari au majani ya chai, kama watu wanavyobeba wakienda nyumba yenye msiba. Wa kwanza alikuwa Mama Akinyi. Alimkumbatia mama yangu kabla hajasimama vizuri, na chanuo likaanguka.

"Jipe moyo, Mama Mueni. Bado hawajataja majina."

"Majina ya nani?"

"Ya wale wa kambini."

Mama yangu alisema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia, kwamba Baba Mueni yuko Garissa, anapaka rangi zahanati. Wanawake walitazamana. Niliziona nyuso zao zikilainika kwa huruma zaidi, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Najua tunaambiwa tusiseme," Mama Akinyi alimwambia. "Mimi pia nimezoea kudanganya. Lakini leo sema tu. Hapa tuko wenzako."

Mama alichukua simu. Alipiga. Mwenye simu hapatikani. Akapiga tena, na katika ule mpigo wa pili nilimwona akianza kuamini. Alikuwa anakumbuka, nadhani, blanketi lile moja, na jinsi baba alivyosema asitarajiwe, na kwamba mtu anaweza kumficha mkewe jambo ili asimtie hofu. Alikaa chini sakafuni, miguu mbele kama mtoto, akatoa sauti ambayo sikujua anayo. Mteja alikimbia na nusu ya kichwa chake.

Mimi nilijua. Mimi peke yangu katika chumba kile nilijua kwamba baba hayuko kambini, na sikufungua kinywa. Nilitoka nje. Akinyi alinifuata, uso wa waridi, akanikalisha kando ya mfereji na kunipa biskuti. Ilikuwa nzima, haikuvunjwa. Hakuwahi kunipa nzima. Aliniambia nisilie kwa sababu baba yake yuko kambi nyingine, salama, na atawapiga wote waliomgusa baba yangu. Nilikula ile biskuti. Bado naikumbuka ladha yake, chumvi kidogo mwishoni.

Tulikuwa hapo gari la jeshi liliposimama langoni. Walishuka wanaume wawili waliovaa sare, na mmoja alikuwa amevua kofia ameishika kifuani. Waliuliza mlango wa nne. Akinyi alikuwa ameinama kwenye mfereji akinywa maji kwa kiganja. Walibisha mlango wa nne, kukawa kimya, na yule mwenye kofia mkononi akaniuliza kama najua mwenyewe alipo.

"Yuko kwetu," nikasema. "Wote wako kwetu."

Nikawaongoza. Hatua zile kutoka mlango wa nne mpaka wa saba nilizitembea mbele ya askari wawili, na lazima niseme ukweli, sehemu ya moyo wangu ilikuwa inauma kwamba hata askari walipokuja, walikuja kwa ajili yake.

Baba Akinyi alikuwa amehamishwa siku mbili kabla, kwenda kambi ile, na hakuwa amepata nafasi ya kumwambia mkewe. Waliposema jina lake, Mama Akinyi alikuwa bado amemshika mama yangu. Mikono ilibaki pale pale ilipokuwa, ila sasa aliyeshikwa alikuwa mwingine. Mama yangu ndiye aliyesimama. Alifuta uso kwa leso, akamwinua jirani yake, akampeleka kwake mlango wa nne. Kisha akarudi, akakusanya pakiti zote za sukari na majani ya chai ndani ya karai letu la kufulia, akalibeba kichwani na kuvuka nalo ujia. Hakuna pakiti iliyokuwa imefunguliwa.

Usiseme wivu uliishia hapo. Kulikuja mahema, viti vya plastiki, wakubwa wenye magari ambayo hayakuingia langoni. Kulikuwa na bendera juu ya jeneza, na jeneza halikufunguliwa, na mimi nilifikiri halikufunguliwa kwa heshima. Shuleni Akinyi alipewa begi jipya. Watu walinishika bega ili wapite wamfikie. Nilitazama yote hayo, na nilijua kwa nini yametokea. Niliamini kwamba maombi hugawanywa kama ugali wa sinia moja, kila jina fungu lake. Kulikuwa na maombi ya kutosha kabla sijaandika. Nilipoongeza jina la mtu asiyehitaji, nilimega fungu la mtu mwingine, na fungu lililomegwa lilikuwa la baba yake Akinyi. Niliuamini ugali huo kwa miaka mingi, hata baada ya kuwa mkubwa wa kutosha kujua kwamba si kweli.

Baba yangu alirudi siku ya nne, na basi la Garissa. Aliingia langoni akakuta mahema, mama akamtazama kutoka mlango wa saba, kisha akavua kandambili akamrushia. Ilimpiga kifuani. Halafu akamkimbilia. Viatu vya baba vilikuwa na matone ya rangi ya maziwa, na nilimwonea aibu mbele ya wale wakubwa.

Mama Mchungaji alikuja kuomba radhi, na alibeba daftari kama ushahidi. Baba alilifungua, akatazama mstari wa mwisho. Hakuhitaji kuuliza nani ameandika. Alimshukuru, akamrudishia, akanichukua nje anapooshea brashi zake.

"Ulitaka niende huko?" aliniuliza.

"Ndiyo."

"Na ulitaka nirudi vipi?"

Sikuwa nimefikiria. Alisubiri jibu akisugua kucha kwa kitambaa chenye thina, kisha akanipa brashi moja nimshikie. Hakunichapa. Ningependelea anichape.

Baada ya mazishi mabishano yalirudi kwa Abdi, makali zaidi. Wengine sasa walisema wanajeshi warudishwe nyumbani mara moja. Baba Kevo alisema wakirudi, Koplo atakuwa amekufa bure. Nilikuwa nimetumwa kiberiti nilipomsikia akimgeukia Abdi na kumwambia ndugu zake wametuulia mtu.

Abdi aliweka chini kijiko cha sukari. "Mimi nilifiwa kabla yenu," alisema. "Mtoto wa dada yangu, kule ng'ambo. Kombora lilianguka nyumbani. Nilifunga duka siku tatu, mkaja kuniulizia unga."

Hakupaza sauti. Akanipa kiberiti changu. Baba Kevo aliinama akagongomea kisigino cha kiatu ambacho kilikuwa kimeshagongomewa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Akinyi nikamwambia. Nadhani nilitaka kumpelekea kitu, na sikuthubutu kumpelekea kile nilichopaswa. Alikuwa amekaa kitandani na nguo nyeusi. Aliniuliza mtoto huyo alikuwa wa umri gani, nikasema sijui. Jioni yake alitoka nje kwa mara ya kwanza. Alikwenda dukani, akanunua pakiti ya sukari kwa Abdi mwenyewe kupitia dirishani, akazunguka nayo nyuma ya duka, akabisha mlango wa nyumba ya Abdi na kumkabidhi mkewe. Ploti nzima iliona. Wengine walisema amechanganyikiwa kwa uchungu, wengine walisema anamdhalilisha marehemu, na Mama Mchungaji alisema waache, mjane ni yeye. Mimi nilimwonea wivu Akinyi tena, kwa kuwa na mama ambaye watu hubishana juu yake.

Baba yangu alikufa nikiwa kidato cha pili, na shule yangu iliishia hapo. Ni kifua. Daktari alisema ni ule mvuke wa rangi na vumbi la kuta alizokwangua miaka yote. Tulimzika Machakos, watu wachache, mvua ikinyesha. Hakuna redio iliyowahi kuuliza kama zahanati zile zilistahili mapafu yake. Kuhusu Koplo walibishana kwa miaka, kama damu yake ilikuwa ya haki au ya bure. Nilikuwa nikisikia ubishi huo nabadilisha stesheni. Watu walidhani sipendi habari za vita. Nilikuwa naona wivu hata huo ubishi.

Sasa Jumatano ya wiki iliyopita. Nilifika mlango wa nne na sukari yangu. Akinyi, ambaye siku hizi anauza viatu vya mitumba Kariobangi, alikuwa anapanga vitu vya mama yake. Alinikaribisha kitandani, akachomoa daftari chini ya leso zilizokunjwa. Nililitambua kabla halijafunguliwa. Mama Mchungaji alikuwa amemwachia Mama Akinyi alipohama.

"Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

Kidole chake kilikuwa kwenye jina la baba. "Na babako si alikuwa anapaka rangi?"

"Alikuwa anapaka rangi. Nilimwandika mwenyewe. Nilikuonea wivu, Akinyi."

Nikamwambia yote, ugali na mafungu, na kwamba nilidhani nimempunguzia baba yake. Nilimwambia yeye kwa sababu mwenye kuambiwa alikuwa chumba cha maiti. Akinyi alisikiliza huku akikunja leso ile ile mara ya tatu.

"Ulikuwa unaziangalia biskuti zangu kama paka," alisema. Kisha akaiweka leso kando. "Wiki ile mimi sikumwombea baba hata mara moja. Nilikuwa nimekasirika kwa sababu alisahau kututumia nyingine. Ile nzima niliyokupa ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kwa hivyo tusianze kugawa maombi, mimi na wewe."

Alinipa daftari nilitazame. Chini ya jina la baba yangu palikuwa na mstari mmoja ambao si mimi niliyeuandika. Ulikuwa mwandiko wa Mama Akinyi, ule wa kulalia upande: Mtoto wa dada yake Abdi, miaka sita. Kwa hivyo alikuwa ameuliza mpaka akapata. Jina la baba yangu hakuwa amelikata, ingawa alijua kwamba hakukanyaga kambini. Nilipitia kurasa zote mbili. Jina la Mama Akinyi mwenyewe halikuwemo.

Akinyi alisimama, akatoa msalaba nyuma ya mlango. Seremala alikuwa ameuleta umepakwa rangi nyeupe, bila maandishi, maana mtu wake wa kuandika alikuwa amesafiri. Aliniuliza kama bado nina brashi za mzee. Ninazo. Zimekaa kwenye kopo tangu alipokufa, ngumu kama vijiti. Usiku wa kuamkia Ijumaa niliziloweka kwenye thina nyumbani kwangu, na asubuhi, nilipozikamua kwa vidole, ilitoka kwanza rangi ya kijani, kisha rangi ya maziwa, nyingi kuliko nilivyotarajia.

Niliandikia pale ujiani karibu na mfereji, msalaba juu ya ndoo mbili, kwa rangi nyeusi. Ilibidi nimwulize Akinyi jina kamili la mama yake, kwa kuwa maisha yangu yote sikuwa nimelijua. Rose Anyango Otieno. Nilizisimamisha herufi moja moja. Dereva wa gari la maiti alipiga honi mara mbili. Nilimwambia Akinyi rangi haijakauka, akasema itakauka njiani, akaingia kiti cha mbele na kuulaza magotini, akiushika kwenye kingo. Gari liligeuka kuingia barabara ya Outer Ring, naye akatoa mkono dirishani kuniaga. Kidole gumba chake kilikuwa cheusi.